Safari ya Mtoni Haianzi Siku ya Safari

Juma hili tumefikiwa na hoja ya baba mmoja, mfanyakazi wa mjini Mbinga, mkoani Ruvuma. Anao watoto wanne, wa kwanza ana miaka 13 na wa mwisho ana miaka 5. Ameambiwa kwamba upande wa Mpepai kuna mto wenye maji maangavu, na kwamba mahali fulani mto huo unapotoka kwenye miamba umefanya dimbwi pana ambalo vijana huliogelea. Angependa kuipeleka familia yake huko kwa siku moja, pamoja na watoto wawili wa jirani, warudi kabla ya giza. Lakini mama watoto amekataa katakata. Amemwambia: "Baba, wewe mwenyewe hujui kuogelea. Akizama mmoja, utamtoaje?" Basi baba anatuuliza kama si haki ya watoto wa mfanyakazi nao wapate pumziko lisilohitaji fedha nyingi.

Haki hiyo ipo, wala hatutaipinga. Kukaa ndani ya vyumba viwili Jumapili nzima, watoto wakigombea kiti na wazazi wakigombea utulivu, si mapumziko. Hata hivyo, swali la mama ni zito kuliko alivyolichukua baba. Yeye amelisikia kama ubishi, na sisi tunalisikia kama jambo la kwanza katika mpango wa safari. Baba akiweza kulijibu, safari ipo. Asipoweza, afadhali awapeleke watoto kutembea milimani na chakula chao, mto wautazame kwa mbali.

Kwa wasomaji walio mbali, Mbinga ni mji ulio kiasi cha kilomita 100 kutoka Songea, kwa upande wa kusini magharibi, nayo Mpepai ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji huo. Hii ni nchi ya Wamatengo, nchi ya miinuko, kahawa, mahindi na maharage. Ni nchi ya vijito vingi, kwani karibu kila bonde lina maji yake. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa mjini aghalabu halijui. Kwa desturi ya Wamatengo ardhi hugawanyika kwa ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na mabonde na vijito, wenye watu wake wa ukoo, mashamba yao juu na maji yao chini. Kijito ndicho mpaka. Kwa hiyo mgeni anayesema "tumekwenda mtoni, mto ni wa Mungu" huenda amekaa, bila kujua, mahali ambapo watu wa pande mbili wamekuwa wakisikilizana tangu zamani juu ya nani achote wapi na nani aoge wapi.

Ndiyo maana tunashauri kwamba baba aende kwanza peke yake, juma moja au mawili kabla ya safari, bila watoto na bila masufuria. Apande bodaboda asubuhi, afike kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, apige hodi, atoe shikamoo, aeleze nia yake. Hilo si suala la kibali cha maandishi. Ni adabu, na adabu hiyo ina faida kubwa kuliko anavyodhani, maana mtu aliyepokewa vizuri hupewa habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Akitoka hapo asiridhike na maneno ya wazee peke yao. Awaulize akina mama wanaochota maji na wavulana wanaochunga mbuzi, kwa kuwa hao ndio wauonao mto kila siku. Mvulana wa miaka 12 atakuonyesha kwa kidole jiwe ambalo chini yake pana shimo, na mzee aliyeacha kuoga mtoni miaka 20 iliyopita atakusifia dimbwi ambalo sasa limejaa mchanga.

Maana dimbwi la mto halikai lilivyo. Masika moja hutosha kuleta gogo likazama katikati, kuchimba kina kipya karibu na ukingo, au kusogeza mchanga pale ambapo mwaka jana watu walijitupa kwa kichwa. Mtu ajitupaye kwa kichwa mahali ambapo hakupapima huweza kuvunjika shingo, na aliyevunjika shingo akapona huweza kubaki bila mikono wala miguu maisha yake yote. Kwa hiyo, baba akiwa huko, akate fimbo ndefu, apime maji kutoka ukingoni hatua kwa hatua. Aangalie mkondo unaelekea wapi ukitoka dimbwini: je, unatandaa kwenye changarawe, au unabanwa katikati ya miamba na kuporomoka? Dimbwi ambalo chini yake pana maporomoko si mahali pa watoto, hata likiwa zuri namna gani. Atupe jani majini, alitazame. Jani likiondoka kwa kasi kuliko mtu atembeavyo, asiwalete wadogo.

Aulize pia maji ya kunywa yanachotwa wapi. Mahali pengi pana utaratibu usioandikwa: juu huchotwa, katikati huogwa, chini hufuliwa, na wanawake wana saa yao na mahali pao mbali na wanaume. Familia ya mjini ikishuka hapo na sabuni saa nne asubuhi, na baba yuko katika kaptula, huenda ikawafanya akina mama wa kijiji kizima wangoje na ndoo zao nyuma ya migomba mpaka wageni waondoke. Hakuna atakayewatukana, lakini mwakani hawatakaribishwa. Na hizi simu za kupigia picha zitiwe mfukoni watu wengine wanapokuwa majini.

Sasa tuseme juu ya majira, ambayo katika safari hii yana uzito sawa na mahali penyewe.

Mvua za Ruvuma ni za msimu mmoja, aghalabu kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na pengine huingia Mei. Katika miezi hiyo tusizungumzie kuogelea mtoni hata kidogo. Mvua hunyesha juu mlimani huku bondeni kukiwa na jua, na maji hufika ghafla. Wakulima wa Umatengo wana hodari wao wa ngoro, vile vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki juu ya miteremko mikali, ambavyo kwa zaidi ya miaka 100 vimeyazuia maji ya mvua yasiteremke na udongo wote. Lakini si kila mlima una ngoro, na hata ngoro hazizuii mvua ya saa tatu mfululizo. Mtu aliye mtoni akiona maji yamebadilika rangi, majani na vijiti vinaanza kupita, au sauti ya mto imekuwa nzito, asingoje kuthibitisha. Awatoe watoto, apande nao juu, halafu ndipo atazame.

Juni na Julai hakuna mvua, lakini kuna baridi. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kucheka, ila aliyewahi kuamka Mbinga mwezi wa Julai anajua kwamba koti si pambo. Maji ya mlimani katika miezi hiyo humkaza mtoto misuli na kumkata pumzi, na mtoto aliyekatwa pumzi majini hunywa maji. Tena kati ya Mei na Septemba ndipo kahawa inapochumwa. Mahali ambapo kahawa humenywa na kuoshwa kwa maji, maji yale machafu yenye maganda na utelezi yasipohifadhiwa katika mashimo yake huishia mtoni, yakanuka uchachu na kuwasha ngozi. Baba aulize: je, juu ya dimbwi hili pana mashine ya kumenyea kahawa? Aulize na juu ya mashamba yanayopigwa dawa karibu na ukingo.

Basi ukiondoa mvua, baridi na maji ya kahawa, unabaki na Septemba ya mwisho na Oktoba. Na katika Oktoba kuna tarehe 14, Siku ya Nyerere, ambayo ni sikukuu ya taifa. Ofisi zimefungwa na shule zimefungwa. Mto umepungua, jua ni kali, vijijini watu wanatayarisha mashamba. Kama angetuomba tumchagulie siku, tungemchagulia hiyo.

Ipo hoja ya kichocho, nayo imezungukwa na maneno mengi ya uvumi. Kichocho huletwa na minyoo ambayo sehemu ya maisha yake huikamilisha ndani ya konokono wa majini. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kunya majini au karibu na maji, mayai huanguliwa, vijidudu huingia katika konokono, huzaliana humo, kisha hutoka na kutafuta ngozi ya mtu. Hawahitaji kidonda, huingia kwa dakika chache tu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye majani na joto. Ndiyo sababu maji baridi yanayokimbia juu ya mawe yana hatari ndogo kuliko bwawa lililotulia, kingo za mpunga au mfereji wenye magugu. Ndogo haina maana ya kutokuwapo. Dimbwi lenye ukingo wa matete na maji yasiyotembea, hata likiwa mlimani, liachwe. Wengine husema ukijifuta haraka kwa taulo utaokoka. Kujifuta si kubaya, lakini mtu asikutegemee.

Baadhi ya majirani wa baba huyu wamemwambia aache mto, ateremke Ziwa Nyasa, kwa kuwa sasa ipo barabara ya lami ya kilomita 67 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay. Ni safari nzuri, na ufuko wa mchanga humpa mtoto mahali pa kucheza bila mawe. Lakini asidhani kwamba ameikimbia hatari. Ziwa lile lina kina kinachofikia mita 700 na upepo wake hubadilika kwa haraka, mawimbi yakasimama mahali palipokuwa kimya. Katika mito mikubwa kama Ruhuhu na Ruvuma, na penye midomo ya mito iingiayo ziwani, kuna mamba. Kuhusu kichocho, wataalamu waliochunguza upande wa kusini wa ziwa hilo, nchini Malawi, waliona kwamba tangu miaka ya 1980 ugonjwa uliongezeka hata kwenye fukwe za mchanga zilizodhaniwa kuwa salama, na mojawapo ya sababu walizozitaja ni kuvuliwa kupita kiasi kwa samaki wanaokula konokono. Kwa hiyo ziwani nako ni kulekule kwa kuuliza wenyeji.

Turudi kwa swali la mama: akizama mmoja, utamtoaje?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Wengi hudhani mtu anayezama hupiga kelele na kurusha mikono. Mtoto hana nafasi ya kupiga kelele, kwa kuwa kinywa chake kiko usawa wa maji na pumzi yake yote anaitumia kutafuta hewa. Anazama kimya, pengine hatua nne kutoka kwa mtu mzima anayegeuza nyama motoni. Kwa sababu hiyo kazi ya kuwatazama watoto haiwezi kuwa ya "sisi sote". Kazi ya wote haina mwenyewe. Apangwe mtu mzima mmoja kwa nusu saa, asimame ukingoni, asishike simu, asile, asizungumze na mtu, asionje pombe, iwe ya chupa au ya kienyeji. Nusu saa ikiisha amwite wa pili kwa jina, naye aitike, ndipo aondoke. Kwa watoto sita tungependa watu wazima watatu, na angalau mmoja awe ajuaye kuogelea kweli. Kama baba hajui, atafute ndugu au kijana wa kijiji anayejua, ampe ahsante yake. Fedha hiyo iwe ya kwanza katika bajeti, mbele ya soda.

Huyo asiyejua kuogelea, asiingie majini kumfuata anayezama. Wengi waliokufa wawili wawili walikufa hivyo, kwa kuwa aliyekata tamaa humkumbatia mwokozi wake mpaka wote wanashuka. Badala yake achukue kamba ya mita 15 na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko sawasawa. Kamba ifungwe kwenye mpini wa dumu, na dumu litupwe mbele ya mtoto ili alikumbatie, kisha avutwe. Dumu hili kila nyumba inalo, na hubeba mtu mzima bila taabu. Watoto wenyewe wafundishwe kulirukia kabla hawajaanza kucheza. Watalifanya kuwa mchezo, na mchezo huo una maana.

Mtoto akitolewa naye hapumui, asining'inizwe kichwa chini wala asikanyagwe tumbo ili atoe maji. Huko ni kupoteza dakika. Alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma kidogo, apulizwe pumzi kinywani mpaka kifua kiinuke, mara 5. Asiposhtuka, kifua kisukumwe kwa nguvu katikati mara 30, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo wakati mwingine anatafuta gari. Baba awe amekwisha uliza, katika ile safari yake ya kwanza, zahanati ya karibu iko wapi na simu inashika mahali gani. Mtoto aliyepona naye apelekwe, maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida baada ya saa kadhaa.

Mipaka ya majini iwekwe kwa mwili wa mtoto mwenyewe: mdogo maji yasimpite kitovu. Hata hivyo hatupendi mto uwe mahali pa kukatazwa tu. Mtoto aliyekatazwa maji mpaka akafikia miaka 15 ndiye atakayetoroka na wenzake siku moja baada ya shule, aingie bila dumu, bila kamba na bila mtu mzima. Afadhali ajifunze mbele ya macho ya mzazi: kupuliza mapovu, kulala chali na kuelea huku mkono wa mtu mzima uko chini ya mgongo wake, kisha kupiga miguu. Desturi ya kumsukuma mtoto kilindini ili "ajue mwenyewe" imewafundisha wachache na kuwaogopesha wengi. Baba naye ajifunze siku hiyohiyo. Si aibu kwa mtu wa miaka 40 kupuliza mapovu pamoja na mwanawe.

Watoto wa jirani wasichukuliwe kwa ruhusa waliyoileta wenyewe. Wazazi wote wawili waende kwa jirani, waseme ni mto gani, nani atawatazama, watarudi saa ngapi. Waulize kama mtoto ana kifafa au pumu. Jirani akikataa, wasimbembeleze.

Chakula kisiwe cha kumtesa mtu. Tumeona safari nyingi ambazo mama aliamka saa kumi usiku kukaanga, akashinda mtoni akiosha vyombo, akarudi amechoka kuliko siku ya kazi, huku wengine wakisimulia jinsi walivyostarehe. Viazi vitamu vilivyochemshwa, maharage, mayai, ndizi, dagaa wa ziwani waliokaangwa jana yake, na chai katika chupa: hivyo vyatosha, na vijana wakubwa wavibebe. Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yaliyochemshwa. Moto usiwashwe katika nyasi za Oktoba, ambazo hushika kwa cheche moja. Takataka zirudi mjini katika mfuko uleule ulioleta chakula. Choo waombe kwa wenyeji. Ukingo wa mto usigeuzwe choo, kwa sababu ya kichocho kilichoelezwa hapo juu na kwa sababu kuna mtu anayechota chini.

Waondoke Mbinga saa mbili asubuhi. Wawe mtoni kabla jua halijawa kali, watoke majini mtoto yeyote anapoanza kutetemeka, hata kama anasema hasikii baridi. Saa tisa alasiri wote wawe wamevaa. Wahesabiwe kwa majina kabla ya kupanda gari, na waliowapokea waagwe nyumbani kwao, si kwa kupunga mkono dirishani. Kisha tarehe iandikwe kwenye kalenda ya ukutani. Juma la sita hadi la nane baada ya siku hiyo, watoto wapelekwe kituo cha afya wapimwe mkojo na choo, hata wakiwa wazima. Dawa iitwayo prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa, na hiyo ndiyo sababu haisaidii sana kuimeza kesho yake. Mtoto atakayeonekana na damu katika mkojo kabla ya hapo asingojeshwe tarehe.